Kizuri Hakikosi Ila: Habari za Kuchunguza Kasoro Zilizomo Ndani ya Fuwele za Baruti

Kwa muda wa miaka mingi watu waliofanya kazi ya kutengeneza, kuchukua na kutumia baruti waliamini kwamba ukali wake ni tabia yake ya asili, kama sumu ilivyo tabia ya nyoka. Baruti hii ni kali, ile ni pole; hii yaweza kuanguka isifanye neno, ile haistahimili hata kuguswa. Binadamu hakuwa na la kufanya ila kuijua tabia ya kila moja na kujihadhari nayo. Katika karne ya 20 imani hiyo ilibadilika. Ilibainika kwamba mafungu mawili ya baruti ya namna moja, yenye atomu zile zile zilizopangwa kwa mpango ule ule, yaweza kutofautiana sana katika kustahimili pigo. Tena ilibainika kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haimo katika kitu chenyewe, bali imo mahali ambapo kitu hicho hakipo: katika vitundu, nyufa na viputo vilivyofichika ndani ya chembe zake. Habari za namna jambo hilo lilivyojulikana ni habari za hadubini, na za watu waliojifunza kuitumia kwa subira.

Yafaa kwanza kulieleza neno fuwele. Chembe ya chumvi, punje ya sukari na kipande cha shabu, vyote ni fuwele. Fuwele hufanyika wakati atomu au molekuli zinapojipanga safu juu ya safu, kama matofali katika ukuta uliojengwa na fundi hodari. Na kwa sababu ya mpango huo huwa na nyuso zilizonyoka na pembe zisizobadilika. Vilipuzi vingi vigumu vilivyotumika tangu karne ya 19 ni fuwele za jinsi hii. Kimojawapo ni kile kiitwacho RDX, kilichopatikana kwanza Ujerumani mwishoni mwa karne hiyo na kutumiwa kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili. Kwa macho matupu ni unga mweupe wa chembe ndogo, usiokuwa na dalili yoyote ya kutisha, wala si rahisi kwa mtazamaji kudhani kwamba chembe moja yaweza kuwa na siri ambayo mwenzake hana.

Swali lililowasumbua wataalamu lilianza na umajimaji, si na fuwele. Mwaka wa 1847 Ascanio Sobrero wa Torino, Italia, alitangaza habari za nitrogliserini, kitu kilichomtia hofu yeye mwenyewe aliyekigundua. Alfred Nobel wa Sweden alijaribu kukifanya kitu cha biashara, na gharama ya jaribio hilo ilikuwa kubwa. Tarehe 3 Septemba 1864 kiwanda chao cha Heleneborg, mjini Stockholm, kililipuka na kuua watu kadhaa, akiwamo Emil, mdogo wake Nobel. Mwaka wa 1867 Nobel alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa dinamiti, ambayo ni nitrogliserini iliyonywewa na udongo mwepesi hata ikawa haina papara kama mwanzo. Njia ya kupunguza hatari ikawa imepatikana. Lakini kwa nini umajimaji ule ulilipuka kwa pigo dogo siku moja, na siku nyingine ukastahimili pigo kubwa, hakuna aliyeweza kueleza kwa ukamilifu.

Ugumu wa swali ulikuwa katika hesabu. Mtu akichukua nguvu yote ya nyundo ndogo inayoanguka, kisha akaigawa sawasawa katika baruti yote iliyopigwa, ataona kwamba joto lake halipandi ila kidogo tu, wala halikaribii kile kiasi cha joto kinachohitajika kuiwasha. Kwa hesabu hiyo baruti isingelipuka hata kidogo. Lakini hulipuka. Basi ama pigo lenyewe huvunja molekuli kwa njia isiyohusu joto, au joto halienei sawasawa, bali hukusanyika mahali padogo mno pasipoonekana. Wengine walishika kauli ya kwanza, wengine ya pili, na kwa muda mrefu hapakuwa na mwamuzi.

Hata hivyo ushahidi wa kauli ya pili ulikuwa umekwisha kuonekana zamani, ingawa hakuna aliyeutafuta kwa ajili ya swali hili. Mwaka wa 1665 Robert Hooke wa Uingereza alitoa kitabu chake kiitwacho Micrographia, kilichojaa picha za vitu vidogo alivyovitazama kwa hadubini. Kati ya vitu hivyo zilikuwamo cheche zinazotoka chuma kinapopigwa na jiwe la gumegume. Hooke alizikusanya juu ya karatasi, akazitazama, akaona kwamba nyingine ni vidonge vya duara vya chuma kilichoyeyuka. Mkono wa mtu hauna nguvu ya kuyeyusha kipande cha chuma. Lakini pigo lake, likikusanyika katika chembe moja ndogo, laweza kuiyeyusha chembe hiyo. Hilo ndilo jambo ambalo wataalamu wa baruti walikuja kulihitaji baada ya karibu miaka 300.

Ushahidi mwingine ulitolewa na Henry Clifton Sorby wa Sheffield. Mwaka wa 1858 alichapisha makala ndefu juu ya umbo la fuwele kama lionekanavyo katika hadubini. Alikuza fuwele kutokana na maji yenye chumvi mbalimbali, kisha akazilinganisha na zile zilizomo ndani ya mawe ya asili. Katika zote aliona kwamba fuwele inapokua hujifungia ndani yake matone ya umajimaji ule ule iliokulia, na aghalabu ndani ya tone huwamo kiputo. Wako waliomcheka kwa kutaka kuijua milima kwa kutumia hadubini. Lakini Sorby alikuwa amethibitisha neno kubwa: fuwele iliyo safi kwa nje yaweza kuwa na historia yake yote imefungwa ndani, nayo husomeka kwa mwenye chombo na subira. Waswahili wana methali inayosema kwamba nyumba njema si mlango, sharti uingie ndani. Na kazi ya Sorby ilikuwa ndiyo hiyo ya kuingia ndani.

Aliyelifungua swali la baruti alikuwa Frank Philip Bowden, mzaliwa wa Hobart katika kisiwa cha Tasmania, Australia, aliyezaliwa mwaka wa 1903. Elimu yake haikuwa ya baruti, bali ya msuguano. Huko Cambridge alikuwa amechunguza namna vitu viwili vinavyosuguana, na kuonyesha kwamba hata vyuma vilivyosuguliwa vikawa kama kioo hugusana kwenye vilele vichache tu, mfano wa milima miwili iliyopinduliwa mmoja juu ya mwingine. Kwenye vilele hivyo joto hupanda ghafula hata chuma kikayeyuka, ilhali mwili wote uliobaki ni baridi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alikuwa Australia, na huko Melbourne akaongoza maabara ya serikali iliyochunguza vilainisho na vyuma vya mashine. Ni katika kazi za miaka hiyo ya vita ndipo fikra zake za msuguano zilipogeuzwa kuelekea baruti. Baada ya vita aliiendeleza kazi hiyo Cambridge, pamoja na Abraham Yoffe, na mwaka wa 1952 wawili hao walichapisha kitabu kilichokuwa msingi wa elimu hii, juu ya kuanza na kukua kwa mlipuko katika umajimaji na katika vitu vigumu.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kuitaja, ingawa kuithibitisha kulitaka kazi nyingi. Baruti haiwaki yote kwa mara moja. Huwaka kwanza penye doa moja dogo lenye moto mkali, kisha moto huo huenea. Kwa makisio yao doa hilo huwa na upana wa baina ya sehemu moja ya elfu kumi na sehemu moja ya mia ya milimita, hudumu kwa muda usiozidi sehemu moja ya elfu ya sekunde, na joto lake lazima lipite kiasi cha digrii 400 za sentigredi. Likiwa dogo kuliko hivyo, au likikosa joto la kutosha, hupoa kabla ya kuambukiza jirani zake, na hakuna linalotokea. Basi kila pigo huamsha moto mdogo mdogo, na kinachoamua ni kama mmojawapo utaishi au utakufa.

Majaribio yaliyotegemeza hoja hiyo yalipangwa kwa werevu. Walipochanganya baruti na chembe za mchanga au kioo, waliona kwamba ugumu wa chembe peke yake si neno. Lililo neno ni kiasi cha joto ambacho chembe hiyo huyeyuka. Chembe inayoyeyuka mapema haiwezi kupata joto kupita hapo, kwa hiyo doa la moto halifikii ukali wake. Bali ile inayokawia kuyeyuka ndiyo yenye hatari. Kauli ya pigo lisilohusu joto haikuweza kulieleza jambo hilo. Kisha walionyesha kwamba nitrogliserini isiyo na hewa ndani yake huvumilia pigo kubwa, lakini ikiwamo hata kiputo kimoja kidogo, pigo dogo sana latosha. Hewa ile hubanwa ghafula, na hewa inayobanwa hupata moto, kama ajuavyo kila mtu aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo. Hapo ikaeleweka kwa nini umajimaji mmoja ulikuwa na tabia mbili: tofauti haikuwa katika nitrogliserini, ilikuwa katika utupu uliomo ndani yake.

Ikiwa kiputo katika umajimaji chaweza kufanya hayo, je, kitundu ndani ya fuwele kitafanya nini? Swali hilo lilidai kuona ndani ya fuwele zenyewe, na wakati huo vyombo vipya vilikuwa vimepatikana. Mwaka wa 1931 Max Knoll na Ernst Ruska wa Berlin walikuwa wamejenga hadubini ya kwanza ya elektroni. Mwaka wa 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa upande wake, walitoa maelezo kwamba fuwele hupindika kwa urahisi kwa sababu ndani yake mna safu za atomu zilizoteguka. Mwaka wa 1956 Hirsch, Horne na Whelan, huko huko Cambridge, waliona kwa hadubini ya elektroni safu hizo zikitembea ndani ya aluminiamu. Kasoro iliyokuwa fikra katika karatasi ikawa kitu cha kutazamwa.

Lakini fuwele ya baruti si aluminiamu. Katika miaka ile ile ya 1950 watafiti wa Cambridge walizitazama fuwele za azidi, ambazo ni vilipuzi vyepesi kuamka, wakakuta kwamba elektroni zilizoleta picha ndizo zilizoiharibu fuwele. Uchunguzi wa azidi ya fedha uliochapishwa mwaka wa 1955 ulionyesha chembe za fedha zikitokea ndani yake kadiri ilivyozidi kutazamwa. Watafiti walifaidika kwa kujifunza namna uharibifu unavyoanza, lakini fundisho la pili lilikuwa gumu zaidi: jicho kali mno humjeruhi anayetazamwa. Ilibidi itafutwe njia ya upole.

Kabla ya njia hiyo kushika, ushahidi mkubwa ulitoka Los Alamos, Marekani. Mwaka wa 1961 Campbell na wenzake walichapisha makala mbili za kulinganisha umajimaji wa kulipuka na vilipuzi vigumu vinapopitiwa na wimbi la mshtuko. Umajimaji safi ulihitaji wimbi lenye nguvu nyingi, nao ulikawia kidogo kabla ya kulipuka. Vilipuzi vigumu vilivyofanywa kwa chembe zilizoshindiliwa vilianza kuwaka kwa wimbi lililo dhaifu zaidi, moto ukizidi hatua kwa hatua. Ajabu ni kwamba fuwele moja nzima ya kilipuzi kiitwacho PETN haikufuata tabia ya vitu vigumu wenzake. Ilifuata tabia ya umajimaji safi. Na umajimaji ulipotiwa viputo, uliwaka kuanzia penye viputo. Kwa hiyo mgawanyo wa kweli haukuwa baina ya kigumu na majimaji. Ulikuwa baina ya kilichoshikana na kilicho na mapengo.

Njia ya upole ilipatikana katika maarifa ya zamani ya wachunguzi wa mawe. Fuwele ikitazamwa hewani kwa hadubini ya kawaida, mwanga hurudi na kupinda kwenye nyuso zake za nje, hata jicho likaona mng'aro tu na lisione kilichomo. Lakini mwanga hupinda kwa sababu kitu kimoja kinaupinda kuliko kingine. Fuwele ikitiwa katika mafuta yanayopinda mwanga kwa kipimo kile kile chake, nyuso zake za nje hutoweka machoni, kama kipande cha barafu kinavyofichika ndani ya maji. Kipimo cha RDX ni karibu 1.6, na mafuta ya kipimo hicho hupatikana. Fuwele ikizamishwa humo, mwili wake hauonekani tena, bali huonekana vile visivyo mwili wake: kila kitundu na kila tone lililofungwa hujitokeza kama doa jeusi katika uwanja mweupe. Ili kuiona kasoro, ilipasa kwanza kuufuta uzuri.

Madoa hayo yalikuwa ni yale yale aliyoyaeleza Sorby mwaka wa 1858. Fuwele iliyokua kwa haraka hufunga ndani yake umajimaji iliokulia, na umajimaji huo ukitoweka baadaye huacha kitundu. Iliyokua taratibu huwa na nafasi ya kuusukuma nje. Hata uzito hutoa ushahidi: RDX isiyo na pengo huwa na karibu gramu 1.8 kwa kila sentimita ya ujazo, na chembe yenye vitundu huwa nyepesi kidogo kuliko hapo. Basi chembe zaweza kutiwa katika umajimaji wenye uzito uliopimwa vizuri, zilizo timamu zikazama na zenye mapengo zikaelea.

Haja ya kuyajua hayo haikuwa ya vitabuni tu. Tarehe 29 Julai 1967 roketi iliyofyatuka kwa hitilafu ya umeme iliwasha moto juu ya manowari ya Marekani iitwayo Forrestal, katika Ghuba ya Tonkin. Mabomu yaliyokuwa juu ya sitaha yalipata moto yakalipuka moja baada ya jingine, na watu 134 wakafa. Mabomu hayo hayakupigwa na adui. Yaliwaua wenyeji wake. Msiba huo, pamoja na mingine ya jinsi yake, ulizilazimisha serikali kudai silaha zisizolipuka ila kwa kutakiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na wanamaji wale walikuwa wamelala juu yake.

Katika miaka ya 1990 taasisi ya pamoja ya Ufaransa na Ujerumani iliyoko Saint-Louis, katika Alsace, iliziunganisha njia hizi zote. Watafiti wake walizitazama chembe za RDX katika mafuta, wakazipima uzito, kisha wakazijaribu kwa mawimbi ya mshtuko. Mafungu yaliyokuwa na vitundu vichache ndani ya chembe zake yalihitaji wimbi lenye nguvu zaidi kabla ya kulipuka kuliko yale yenye vingi, ingawa yote yalikuwa RDX. Viwanda vilianza kutengeneza RDX ya namna hiyo na kuiuza kama kitu tofauti. Tabia iliyodhaniwa kuwa ya asili ikawa ni matokeo ya malezi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba jambo limekwisha. Maabara za nchi kadhaa zilipolinganisha RDX za watengenezaji mbalimbali katika miaka ya 2000, hapakupatikana kipimo kimoja peke yake kilichotosha kutabiri ipi itakuwa pole na ipi kali. Vitundu ndani ya chembe vina sehemu yake; ukwaruzo wa nyuso za nje una sehemu yake; uchafu uliochanganyika nao una yake. Tena hadubini ya mwanga haioni kitundu kilicho kidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na madoa ya moto ya Bowden na Yoffe yaweza kuwa madogo kuliko hapo. Ndiyo sababu wachunguzi wameongeza vyombo vingine: hadubini inayopapasa uso wa kitu kwa ncha nyembamba mno, iliyovumbuliwa mwaka wa 1986, na picha za eksirei zinazopigwa pande zote na kuunganishwa ili kuionyesha fuwele yote bila kuikata. Kila chombo huona kisichoonwa na kingine, wala hakuna kionacho yote.

Lipo pia neno lisilopasa kufichwa. Elimu hii haikulipiwa na wapenda amani. Maabara nyingi zilizotajwa zilipata fedha zao kwa ajili ya vita, na silaha isiyomdhuru aliyeibeba inabaki kuwa silaha kwa yule inayomwelekea. Mwanafunzi wa historia hana budi kuyashika yote mawili kwa mikono miwili: kwamba kazi hii imewaokoa wachimba migodi, wafanyakazi wa viwanda na mabaharia ambao majina yao hayataandikwa popote kwa kuwa hawakufa, na kwamba imewapa wenye vita chombo wanachoweza kukitegemea zaidi. Hadubini ilionyesha kasoro ya fuwele. Haikuulizwa juu ya kasoro ya waliozihitaji fuwele hizo.

Lakini lililothibitishwa limethibitishwa. Wafanyakazi waliokufa Heleneborg mwaka wa 1864 walikufa katika zama ambazo hatari ilihesabiwa kuwa ni tabia ya kitu, isiyo na dawa ila woga na bahati. Kizuri hakikosi ila, na fuwele ya baruti, pamoja na nyuso zake zilizonyoka, haikosi. Tofauti ni kwamba ila hiyo sasa ina mahali pake, ina ukubwa wake na ina sababu yake. Na ila iliyojulikana mahali pake yaweza kupunguzwa na fundi anayekubali kuikuza fuwele yake taratibu.